Je, Mahali pa Kuzaliwa Huamua Hesabu ya Nyota Ndogo?

Mwishoni mwa mwezi wa Januari, inapokaribia saa tatu na nusu za usiku, mtu aliyeko Pemba akilala chali ufukweni na kutazama utosini moja kwa moja, macho yake huwa yameelekea mahali ambapo nyota zinazaliwa. Nyota tatu zilizopangana katika mstari ni mkanda wa Jabari. Kando yake kuna nyota nyingine chache hafifu, mithili ya upanga uliochomekwa kiunoni, na ile ya katikati, kwa mwenye macho makali na katika usiku usio na mwezi, huonekana imetanda ukungu. Ukungu ule ni Nebula ya Jabari, wingu la gesi na vumbi lililoko umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi kutoka kwetu. Katika mji wa Chake Chake wingu hilo hupita juu ya vichwa vya watu kwa tofauti isiyofikia nusu ya upana wa mwezi mpevu. Ndani yake mna nyota elfu kadhaa ambazo umri wake ni baina ya miaka milioni 1 na milioni 3. Tukiupima umri huo kwa maisha ya nyota kama Jua, ni sawa na mtoto ambaye bado hajafanyiwa akika.

Suala ninalotaka kulifafanua ni hili: katika kila kizazi cha nyota zinazozaliwa pamoja, ngapi huwa kubwa na ngapi huwa ndogo, na je, hesabu hiyo hubadilika pale wingu la uzazi linapokuwa na joto au baridi, linaposongamana au kutawanyika, linapokuwa na majirani wakali au likiwa peke yake? Wanafalaki wamelishughulikia swali hili kwa zaidi ya nusu karne, na jibu, kadiri lilivyofikiwa, lina ajabu yake. Nadharia karibu zote zinatuambia kwamba mazingira yanapaswa kuibadilisha sana idadi ya nyota ndogo, ilhali hesabu zilizofanywa katika ujirani wetu wa angani zinaonyesha kuwa yanaibadilisha kidogo mno. Anayetaka kujua nyota inaumbwaje hana budi kuanzia kwenye mkanganyiko huo.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Tungamo ni kiasi cha mada iliyomo ndani ya kitu, na kwa nyota kipimo chake ni Jua letu: nyota ya tungamo 1 ni sawa na Jua, ya tungamo 0.5 ni nusu yake. Nyota ndogo ninazozisema hapa ni zile zilizo chini ya nusu ya Jua. Huwa nyekundu, hafifu na zenye umri mrefu kupita kiasi, kwa kuwa huitumia hidrojeni yao kwa ubahili mkubwa. Tukishuka hadi tungamo la 0.08 hivi, ambalo ni kama mara 80 ya sayari ya Mshtarii, tunafika mpakani. Chini ya hapo kiini hakipati joto la kutosha kuiunguza hidrojeni kwa kudumu, na kitu kilichozaliwa kwa njia ya nyota hupoa taratibu kama kaa lililotolewa mekoni. Kitu hicho huitwa kibete kahawia. Kuwepo kwa vitu hivyo kulibashiriwa na Shiv Kumar mwanzoni mwa miaka ya 1960, jina lao likatolewa na Jill Tarter mwaka 1975, lakini hakuna aliyewahi kukiona kimoja kwa uhakika hadi mwaka 1995, vilipopatikana viwili. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa ndani ya Kilimia.

Kilimia hakihitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Visiwani. Bibi yangu, aliyelima mpunga wa kutegemea mvua, hakuwa na kalenda ukutani. Alikuwa na Kilimia na msemo wake, kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alfajiri za mwezi wa Juni, masika yakiwa yameshakwisha, alinionyesha kwa kidole cha shahada pale kilipochomoza juu ya vichwa vya minazi, na sote wawili tulihesabu nyota sita. Fungu lile, lililo umbali wa miaka ya nuru 440 hivi, lina nyota zaidi ya 1,000. Rafael Rebolo na wenzake wa Visiwa vya Canary ndio waliopata humo kitu chekundu hafifu walichokiita Teide 1, kwa jina la kituo chao cha kuangalia anga kilichoko kisiwani Tenerife. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa bado kina lithiamu yake, elementi ambayo nyota ndogo halisi huiteketeza mapema, na hiyo ikawa hoja ya kukata mzizi wa fitina. Nimelitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu nyota ambazo wazee wetu walizitumia kupangia kilimo ndizo zilizotufungulia mlango wa kuhesabu vitu vidogo kabisa vinavyozaliwa kama nyota, na sioni kwa nini habari hiyo isiwe yetu pia.

Mgawanyo wa tungamo, kwa asili yake, ni hesabu ya aina ambayo kila aliyewahi kusimama kwenye diko la Tumbe asubuhi, vyombo vinapoingia, ameshaiona. Nguru mmoja hunadiwa peke yake, amelazwa juu ya turubai mkia ukining'inia. Changu hupangwa mafungu. Dagaa humiminwa kwa ndoo wala hakuna anayewahesabu mmoja mmoja. Vikubwa ni vichache, vidogo ni vingi, na upo utaratibu fulani baina yao. Mwaka 1955 Edwin Salpeter aliupata utaratibu wa namna hiyo kwa nyota. Ukizipanga kwa madaraja ambayo tungamo la kila moja ni sehemu ya kumi ya lile lililotangulia, kila unaposhuka daraja moja idadi huongezeka mara 22 hivi. Lau utaratibu huo ungeendelea bila ya kikomo, anga ingejaa vibete visivyo na idadi. Hauendelei. Uchambuzi wa Pavel Kroupa wa mwaka 2001 na ule wa Gilles Chabrier wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba chini ya nusu ya Jua ongezeko hupungua kasi, idadi hufikia kilele mahali fulani baina ya tungamo la 0.1 na 0.3, kisha huanza kushuka tunapoingia kwenye vibete kahawia. Kilele hicho ndicho kiini cha mjadala wote. Kwa nini maumbile yapendelee nyota ya ukubwa huo, na je, upendeleo huo ni mmoja kila mahali?

Uwingi wa nyota ndogo si jambo la kufikirika tu. Katika kila nyota nne zilizo jirani na Jua, tatu hivi ni vibete vyekundu, yaani zile nyota ndogo nyekundu nilizozitaja, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwa macho matupu. Iliyo karibu kuliko zote, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2 na tungamo lake ni 0.12. Hupita juu ya bahari yetu upande wa kusini nusu ya mwaka, lakini haikujulikana mpaka mwaka 1915, pale Robert Innes alipoitambua akiwa Johannesburg. Kwa hivyo anga tunayoiona ni anga ya wakubwa, na walio wengi wamefichika kwa sababu ya unyonge wa mwanga wao. Jambo hili tulishike, kwani litaturudia.

Sasa tuje kwenye sababu ya kudhani kwamba mazingira yana nguvu. Mwaka 1902 James Jeans alieleza shindano linaloendelea ndani ya kila wingu la gesi: uvutano hutaka kuikusanya gesi, na joto hutaka kuitawanya. Kwa kila halijoto na kila msongamano kuna tungamo la chini kabisa ambalo kwalo uvutano hushinda. Donge dogo zaidi ya hapo haliporomoki lenyewe. Mawingu yanayozaa nyota ni ya baridi kali, kiasi cha Kelvini 10, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi, na ndiyo maana uvutano hupata nafasi. Ukiliongeza joto la wingu mara mbili, tungamo hilo la chini hupanda karibu mara tatu. Ukiuongeza msongamano mara 100, hushuka mara 10. Maana yake ni nyepesi kuielewa: wingu lililosongamana linapaswa kukatika vipande vidogo na kuzaa nyota ndogo nyingi, na wingu lenye joto linapaswa kuzaa nyota nzito. Mkulima wa Unguja anayejua tofauti ya muhogo uliootea kwenye uwanda wa mawe na ule wa udongo mzito wa kinongo hatashangaa kuambiwa kwamba udongo huamua mavuno.

Zaidi ya hayo, gesi haikai kimya. Ndani ya wingu mna mikondo inayokwenda kasi kuliko sauti, ikigongana na kuibana gesi katika tabaka na nyuzi nyembamba. Paolo Padoan na Åke Nordlund, na baada yao Patrick Hennebelle na Chabrier, walionyesha kwamba msukosuko huo unaweza kulibana donge dogo sana mpaka likaporomoka, ambapo katika wingu tulivu lisingeporomoka. Msukosuko ukizidi, vibete kahawia navyo vingezidi. Kisha kuna maisha ya kiotani. Nyota changa zinapozaliwa zikiwa zimesongamana, hugombea gesi ileile, na walio wadogo husukumwa na uvutano wa wakubwa hadi wakatupwa nje kabla ya kushiba. Bo Reipurth na Cathie Clarke walipendekeza mwaka 2001 kwamba vibete kahawia ni watoto waliotolewa kiotani namna hiyo. Na tena kuna athari ya nyota nzito. Moja tu kama ile inayotawala katikati ya Nebula ya Jabari, yenye tungamo zaidi ya mara 30 ya Jua, humwaga mionzi mikali inayoweza kulimomonyoa donge la jirani na kumwachia mtoto aliyemo ndani mada kidogo kuliko aliyoandikiwa. Njia hizi hazipingani, na kila moja inatabiri kwamba Jabari yenye msongamano na mionzi itofautiane na pembe tulivu ya anga isiyo na nyota nzito.

Pembe hiyo tulivu ipo, na kwa bahati iko karibu. Ni mawingu ya Thauri, yaani kundinyota la Ng'ombe, upande uleule wa anga uliko Kilimia, kwa umbali wa miaka ya nuru 450. Katikati ya fungu la Jabari nyota zimesongamana zaidi ya 10,000 katika mchemraba ambao kila upande wake ni miaka ya nuru 3.26. Katika Thauri mchemraba kama huo una nyota chache tu za kuhesabika kwa vidole, na hakuna jitu hata moja linalomwaga mionzi mikali. Ikiwa mazingira yana neno, hapa ndipo yangelisema. Na mwanzoni ilionekana yamelisema: mwaka 2002 César Briceño, Kevin Luhman na wenzao walipohesabu vibete kahawia vya Thauri, walipata uwiano ulio kama nusu ya ule wa Jabari, na nyota zilizozidi zilikuwa zile zinazokaribia ukubwa wa Jua, zenye tungamo la 0.8 hivi. Matokeo hayo yalinukuliwa kila mahali. Wingu tulivu, watoto wakubwa. Wingu lenye fujo, watoto wadogo. Nadharia na hesabu zilikuwa zimekumbatiana.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niithamini sana kazi ya wahesabuji. Eneo lililochunguzwa mwaka ule lilikuwa sehemu tu ya mawingu, zaidi zile zenye gesi nene. Uchunguzi ulipopanuliwa mwaka hadi mwaka, vibete zaidi vilionekana. Kisha satelaiti ya Gaia, iliyorushwa mwaka 2013, ilipima umbali na mwendo wa nyota kwa usahihi usiokuwa na mfano, na kwa mara ya kwanza ikawezekana kumtenganisha mwenyeji wa Thauri na mpita njia aliyeonekana tu upande mmoja naye. Mwaka 2018 Luhman huyohuyo alirudi na orodha mpya iliyo kamili zaidi, na kilele cha Thauri kikaonekana kiko kwenye tungamo la 0.15 hivi, kama ilivyo Jabari na kama lilivyo fungu la nyota la IC 348 katika kundinyota la Farisi. Ile tofauti mashuhuri ilikuwa imetokana kwa sehemu kubwa na mahali palipotupwa wavu. Inafaa ieleweke kwamba aliyeiondoa ni mmoja wa wale walioitangaza, na hilo ni jambo la heshima.

Mvuvi wa dema anajua kwamba matundu ya dema ndiyo yanayoamua nini kitabaki ndani, na kwamba dema lenye matundu mapana haliwezi kusema lolote juu ya dagaa. Katika kuhesabu nyota changa kuna matundu ya aina nyingi. Vumbi la wingu huumeza mwanga, kwa hivyo ni lazima kutumia infraredi, mnururisho unaopenya vumbi. Nyota mbili zinazozungukana kwa karibu huonekana kama moja, na yule mdogo hupotea katika daftari. Tungamo lenyewe halipimwi moja kwa moja. Hukadiriwa kutokana na mwanga na rangi kwa kutumia nadharia ya jinsi nyota changa zinavyopoa, na anayekosea umri hukosea tungamo, kwa kuwa kibete kahawia kichanga sana kinaweza kung'aa kuliko nyota ndogo iliyokwisha kukomaa. Nyota nzito nazo hupenda kukaa katikati ya fungu, kwa hivyo anayechunguza katikati pekee atadhani fungu zima ni la wakubwa, na katika mafungu yenye umri kama Kilimia wadogo wengi wameshatoroka pembezoni kwa kusukumwasukumwa. Hata zana bora hazituepushi na hatari hizi. Mwaka 2023 Samuel Pearson na Mark McCaughrean, kwa kutumia darubini ya James Webb, walitangaza kuwa ndani ya Nebula ya Jabari kuna jozi 40 hivi za vitu vyenye tungamo linalokaribiana na la Mshtarii. Mwaka uliofuata Luhman alitoa hoja kwamba wengi wa vitu hivyo ni nyota za mbali nyuma ya wingu, zilizogeuzwa nyekundu na vumbi. Samaki wa bahari nyingine waliingia kwenye dema.

Pamoja na tahadhari hizo, hesabu za miaka ya karibuni zinakubaliana kiasi cha kuaminika. Njia nzuri ya kulinganisha ni kuuliza: kwa kila kibete kahawia kimoja, kuna nyota ngapi? Koraljka Mužić na wenzake walichagua kwa makusudi mahali palipo tofauti kabisa na ujirani wetu. RCW 38, fungu lililo umbali wa miaka ya nuru 5,500 hivi, lina msongamano mkubwa na nyota nzito nyingi. NGC 2244, iliyo katikati ya Nebula ya Waridi, ina nyota nzito pia lakini imetawanyika. Kwa kulinganisha mawili hayo na mafungu madogo ya jirani, athari ya msongamano inaweza kutenganishwa na athari ya mionzi. Matokeo yao ya mwaka 2017 na 2019 yalikuwa yaleyale: nyota baina ya 2 na 5 kwa kila kibete, kila mahali, ndani ya mipaka ya makosa ya kipimo. Katika NGC 1333, fungu changa lenye msongamano katika kundinyota la Farisi, vibete vimeelekea kuwa vingi kidogo kuliko katika IC 348 iliyo jirani yake, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kujengewa nyumba juu yake.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye mkanganyiko wetu. Kama msongamano ukiongezeka mara 100 unapaswa kulishusha tungamo la vipande mara 10, kwa nini kilele hakisogei? Maelezo yanayonishawishi kuliko mengine ni yale yanayotokana na mahesabu ya kompyuta ya Matthew Bate ya mwaka 2009, na ya Mark Krumholz kwa njia nyingine: nyota changa zenyewe hulipasha wingu joto. Gesi inayomwangukia mtoto wa nyota hutoa joto jingi, na joto hilo huenea kwenye gesi ya jirani. Wingu likisongamana, vipande vingependa kukatika vidogo na karibukaribu. Lakini kwa kuwa viko karibu, joto la wa kwanza kuzaliwa humfikia jirani kabla hajajitenga, na kipande ambacho kingekuwa kibete huyeyukia ndani ya kaka yake. Msongamano unavuta chini, joto linasukuma juu, na yote mawili hutoka katika chanzo kimoja. Kwa hesabu ya Bate, badala ya tungamo kushuka mara 10, hushuka mara 2.5 tu, kiasi ambacho madema yetu ya sasa huona kwa shida. Katika mahesabu ambayo hayakuutia maanani mnururisho huo, vibete kahawia vilizidi mno kuliko vinavyoonekana angani. Ulipotiwa, idadi yao ilirudi mahali pake. Uga sumaku nao una sehemu yake, kwani huizuia gesi kuporomoka, ila wataalamu wengi bado huutaja kwa pembeni tu, na naona haujapewa haki yake.

Ushahidi mwingine unaotoka kwenye gesi yenyewe unaelekea upande huo. Mwaka 2007 João Alves, Marco Lombardi na Charles Lada walipima madonge ya gesi katika Nebula ya Kiko, mengi yakiwa bado hayajazaa chochote, na wakakuta mgawanyo wake wa tungamo una umbo lilelile la mgawanyo wa nyota, ila umesogezwa juu mara tatu. Inaelekea basi kwamba theluthi ya donge ndiyo inayofanyika nyota na mengine hupeperushwa, na kwamba jambo kubwa huamuliwa mapema, wakati wa kukatika kwa gesi, kabla ya ugomvi wa kiotani kuanza. Kutupwa nje na kumomonyolewa na mionzi hutokea bila ya shaka. Ila kama kungekuwa ndiyo njia kuu ya kuzaa vibete, Thauri isingefanana na Jabari.

Upo pia mpaka wa chini. Donge likiwa dogo sana hushindwa kulitoa nje joto lake kwa kasi ya kutosha, na kuporomoka kunakwama. Hesabu za miaka ya 1970 ziliuweka mpaka huo kwenye tungamo la Mshtarii chache. Darubini ya James Webb imeanza kuugusa: katika IC 348 kumepatikana kitu cha tungamo la mara 3 hadi 4 ya Mshtarii, na katika NGC 1333 uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulipata vitu hadi kiasi cha mara 5, ukatafuta vidogo zaidi kwa darubini iliyokuwa na uwezo wa kuviona, usivione.

Yote niliyoyaeleza ni ya ujirani wetu, ambako mawingu, pamoja na tofauti zao, yana udugu: yana kiasi kinachokaribiana cha elementi nzito, yaani zote zinazozidi hidrojeni na heli kwa uzito, na yanazaa nyota katika zama moja. Tukitoka nje ya udugu huo, picha hubadilika. Mwaka 2010 Pieter van Dokkum na Charlie Conroy waliuchunguza mwanga wa galaksi kubwa za umbo la yai, ambazo nyota zake nyingi zilizaliwa zamani kwa mkupuo, na wakakuta alama za sodiamu na za hidridi ya chuma ambazo hutolewa kwa wingi na nyota ndogo. Walihitimisha kwamba humo vibete vyekundu vimezidi uwiano wa kwetu. Kinyume chake, Marla Geha na wenzake mwaka 2013 walizihesabu moja moja nyota za galaksi mbili hafifu mno zinazoizunguka galaksi yetu ya Njia Nyeupe, yaani Hercules na Leo IV, zenye uhaba mkubwa wa elementi nzito, na wakapata nyota ndogo pungufu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Li Jiadong na wenzake, waliotumia vibete vyekundu zaidi ya 90,000 vya hapahapa jirani, vilivyopimwa kwa darubini ya LAMOST ya China: katika nyota za kale wadogo ni wachache, elementi nzito ziwe nyingi au haba, na katika zile zilizozaliwa karibuni zaidi, kadiri elementi hizo zinavyoongezeka ndivyo wadogo wanavyoongezeka.

Kwa upande wa elementi nzito matokeo haya matatu yanaelekea upande mmoja, kwamba zikizidi nyota ndogo nazo huelekea kuzidi, lakini hayajapata maelezo ya kuridhisha. Katika zama za mwanzo ulimwengu wote ulikuwa na joto zaidi: ulipokuwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi, mnururisho uliobaki tangu chanzo chake ulikuwa wa Kelvini 11 badala ya 2.7 ya leo, na hakuna wingu lililoweza kupoa chini ya hapo. Kwa kanuni ya Jeans, hali hiyo ingezaa nyota nzito, na galaksi za umbo la yai zinasema kinyume. Huenda msongamano na msukosuko wa mikupuo ile ulikuwa mkubwa kiasi cha kulishinda joto, kama Chabrier, Hennebelle na Stéphane Charlot walivyohoji mwaka 2014. Kwangu mimi hoja hiyo ina nguvu, ila ikumbukwe kwamba katika galaksi hizo hakuna anayehesabu nyota moja moja. Husomwa mwanga wa mabilioni uliochanganyika, na kosa dogo katika kukadiria wingi wa sodiamu huweza kuonekana kama jeshi la vibete.

Ndiyo maana macho ya wahesabuji sasa yameelekea mahali palipo na elementi nzito chache lakini karibu kiasi cha kutenganisha nyota na nyota. Mwanzoni mwa Desemba, mnamo saa mbili na robo za usiku, anayesimama kwenye pwani ya Makunduchi akielekea kusini, mbali na taa, na kuunyoosha mkono wake, ataona kwa urefu wa ngumi mbili na kitu juu ya upeo wa bahari kiwingu cheupe kisichosogea na upepo. Ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani iliyoko umbali wa miaka ya nuru 200,000 hivi, ambayo elementi zake nzito ni kama sehemu ya tano ya zile za Jua. Mwaka 2024 Peter Zeidler na wenzake walitangaza kwamba katika ukingo wa galaksi hiyo, ndani ya fungu changa la NGC 602, darubini ya James Webb imeona vitu 64 vyenye dalili za kuwa vibete kahawia, vya tungamo baina ya mara 50 na 84 ya Mshtarii. Ni vya kwanza kuonekana kwa wingi nje ya Njia Nyeupe. Sitini na nne ni wachache mno kuchorea kilele, na walioonekana ni wale wakubwa miongoni mwa vibete. Wadogo wao bado wanapita katika matundu.